Je, Wajua? Wezi wa Dhahabu ya Ituri na Wanaowafuata kwa Kalamu

Je, wajua kwamba kilo nzima ya dhahabu ni ndogo kuliko simu uliyoishika? Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, kwa hiyo kilo moja huchukua sentimita za ujazo 52 tu, pungufu ya viberiti viwili vilivyopangwa pamoja. Mwaka 2025 bei ya kipande hicho ilipita dola 100,000. Motari anayeshuka kutoka Mongbwalu anaweza kukitia kwenye soksi, chini ya tandiko la pikipiki au ndani ya mfuko wa unga, akapita Iga Barrière akiwasalimia watu kwa majina, na jioni akawa Bunia.

Iga Barrière ni njia panda, yapata kilomita 25 kaskazini mwa Bunia, kwenye barabara ya taifa namba 27. Njia moja inaendelea Mahagi na mpaka wa Uganda. Nyingine inachepuka kwenda Mongbwalu, kwenye machimbo ya zamani ya Kilo. Kwa miaka mingi wapiganaji wa CODECO na wa kundi la Zaïre wamegombania vijiji vya pande hizi, na kila aliyefunga kamba barabarani alijua ni nini kinachopita. Dhahabu ya Ituri imeibwa kwa bunduki, kwa baruti, kwa asidi na kwa mizani. Lakini ukizifuatilia kesi moja baada ya nyingine utaona kwamba tani nyingi zaidi zimeibwa kwa karatasi, na waliowaumbua wezi wamewaumbua kwa karatasi vilevile.

Mezani kwa mnunuzi

Je, wajua kwamba mchimbaji wa Ituri anaweza kuibiwa kwa kijiti cha kiberiti? Katika machimbo yetu mwenye shimo anaitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa, na walio chini yake hugawana kile kinachobaki baada ya gharama zote kukatwa. Fungu la mtu mmoja mara nyingi ni punje chache. Punje hizo hupimwa kwa mizani ndogo ya mkono, na mawe ya mizani hiyo ni vitu vya kila siku: kijiti cha kiberiti, sarafu ya zamani isiyotumika tena. Wafanyabiashara wakubwa huhesabu kwa tola, kipimo kilichotoka India chenye gramu 11.66. Mnunuzi mwenye tamaa hahitaji silaha. Kijiti kilicholowa maji ni kizito kuliko kikavu, na sarafu iliyobandikwa nta upande wa chini haionekani na mtu aliyesimama mbele ya meza. Gramu moja ikipungua sehemu yake ya kumi kwa kila muuzaji, mwisho wa wiki mnunuzi ana tola ambazo hakuzilipia, na hakuna aliyepiga kelele ya mwizi.

Muuzaji naye ana ujanja wake. Huchanganya unga wa dhahabu na unga wa shaba iliyotiwa zinki, ambao rangi yake ni ileile mwanga ukiwa hafifu, au huficha risasi katikati ya kitonge. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu ana jiwe jeusi, laini, lisiloliwa na asidi. Anaichukua punje anayoitilia shaka, anaisugua juu ya jiwe mpaka iache mstari wa njano. Kando yake anasugua sindano yenye dhahabu ambayo ubora wake unajulikana. Kisha anadondosha tone la asidi ya nitriki juu ya mistari yote miwili na kuinama kuitazama. Mstari wa shaba hutoa povu, hugeuka kijani na kutoweka. Mstari wa dhahabu hubaki. Jiwe la namna hiyo lilitumiwa na Wagiriki wa kale, na leo bado linaaminika, kwa sababu halihitaji umeme wala fundi wa kulirekebisha.

Maji nayo ni shahidi mzuri. Gramu 100 za dhahabu safi zikizamishwa kwenye chombo chenye vipimo, maji hupanda mililita 5.2. Gramu 100 za shaba huyapandisha zaidi ya mililita 11. Wezi waliliona hilo, wakatafuta chuma chenye uzito sawa na dhahabu, wakakipata: tangsteni, gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo. Kipande cha tangsteni kilichovikwa dhahabu hupita mtihani wa maji na hupita mtihani wa jiwe pia, maana jiwe hugusa ngozi ya nje tu. Hukamatwa kwa sauti. Mawimbi ya sauti husafiri ndani ya dhahabu kwa kasi ya mita 3,240 kwa sekunde, na ndani ya tangsteni kwa zaidi ya mita 5,000. Mashine ndogo inayopeleka sauti na kuisikiliza ikirudi inatosha kumuumbua aliyekitengeneza kipande hicho.

Benki kuu iliyouziwa chuma

Usidhani wanaodanganywa ni wageni tu wanaoshuka Entebbe au Nairobi na mabegi ya dola. Machi 2008 ilifahamika kwamba Benki ya Taifa ya Ethiopia ilikuwa imenunua vipande vya chuma vilivyopakwa dhahabu, ikavilipia mamilioni ya dola na kuvifungia kwenye hazina yake. Uongo ulijulikana pale benki ilipopeleka shehena Afrika Kusini kuuza, na wanunuzi wa huko wakairudisha. Ikabidi dhahabu yote iliyokuwa hazinani ikaguliwe upya. Tazama jinsi kosa lilivyopita: kila kipande kilikuja na hati za kuonyesha kimepimwa, na aliyepokea alisoma hati.

Huko Nairobi na Kampala ujanja unaojulikana zaidi ni wa kinyume chake. Mgeni anaonyeshwa dhahabu halisi. Anaruhusiwa achague kipande kwa mkono wake mwenyewe, akipeleke maabara anayoiamini, na maabara inathibitisha kuwa ni dhahabu. Baada ya hapo zinaanza kuja karatasi: ada ya ghala, bima, kodi ya kusafirisha, faini ya afisa fulani aliyeukamata mzigo njiani. Kila karatasi ina muhuri. Mzigo wenyewe hauondoki kamwe, na pengine haukuwepo. Jina la Congo hutajwa sana katika simulizi hizo, kwa sababu dunia nzima inajua kwamba dhahabu ya Ituri na Kivu hutoka kimyakimya, na mgeni anayetaka bei ya magendo haendi kuuliza polisi. Tamaa yake ndiyo inayomfunga mdomo.

Dhahabu iliyokuwepo kwenye fomu

Je, wajua kwamba kashfa kubwa kuliko zote za dhahabu katika Afrika Mashariki ilitokea katika nchi isiyo na dhahabu ya kutosha na isiyo na almasi hata kidogo? Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International ilipewa na serikali ya Kenya haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na vito. Nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na sheria iliruhusu msafirishaji alipwe fidia ya asilimia 20 juu ya kile alicholeta. Goldenberg iliongezewa hadi asilimia 35. Kuanzia hapo, kadiri ilivyotangaza kwamba imeuza zaidi, ndivyo hazina ya umma ilivyotoa zaidi.

Chombo cha wizi kilikuwa fomu moja iliyoitwa CD3, ambayo msafirishaji aliijaza kutangaza fedha za kigeni atakazopata. David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, alikuwa akizipokea fomu hizo kila siku. Aliona malipo ni makubwa mno na mauzo yenyewe hayana dalili. Hakuwa mpelelezi, hakuwa na cheo. Nakala za hati zikatoka mikononi mwake zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 jambo likasemwa bungeni. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa kuvunja sheria ya siri za serikali, akaachiwa, lakini kazi hakuipata tena. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006 katika hali ya umaskini, akiwa bado kijana, mwaka uleule ambao tume ya Jaji Samuel Bosire ilitoa taarifa yake.

Na waliofaidika? Kamlesh Pattni, aliyekuwa mkurugenzi wa Goldenberg, alisumbuana na mahakama kwa miaka mingi. Mwaka 2013 jaji mmoja wa Mahakama Kuu alisimamisha mashtaka dhidi yake, na baadaye jaji huyo akaondolewa kazini kwa namna alivyoishughulikia kesi hiyo. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zilimwekea Pattni vikwazo kwa madai ya magendo ya dhahabu ya Zimbabwe. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini Munyakei anastahili kutajwa kila mara panapotajwa wapelelezi. Alichofanya ni kusoma kilichoandikwa mbele yake na kukataa kunyamaza.

Handaki, sare na samaki

Wizi wa kuchimba handaki upo kweli, na haupo sinemani tu. Novemba 2017, mjini Thika, wezi walikodi kibanda cha biashara karibu na tawi la benki ya KCB, wakachimba chini kwa chini hadi kwenye chumba cha fedha na kuondoka na shilingi milioni 50 za Kenya. Benki iligundua Jumatatu, wikiendi ikiwa imepita. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, wanaume waliovaa sare za polisi walichukua shilingi milioni 72 zilizokuwa zikipelekwa kwenye mashine za kutolea fedha jijini Nairobi. 

Ubelgiji, iliyochota dhahabu ya Kilo kwa nusu karne, nayo ilionja. Februari 2003 genge la Waitaliano lilifungua hazina ya soko la almasi la Antwerp lililokuwa na kufuli, vihisi vya joto na kamera. Kilichowakamatisha ni mfuko wa taka walioutupa kichakani kando ya barabara kuu, ndani yake mna mabaki ya mkate wenye nyama na karatasi za ofisi za almasi. Mzee mwenye eneo hilo alichoshwa na watu wanaotupa takataka kwake, akapiga simu polisi. Vinasaba kwenye mkate vilimaliza kazi.

Wizi wa karibuni zaidi unafanana na wetu. Tarehe 17 Aprili 2023 ndege kutoka Zürich ilitua Toronto ikiwa na kilo 400 na zaidi za dhahabu, vipande 6,600. Jioni hiyo mwanaume mmoja alifika ghalani na lori, akaonyesha hati ya kupokea mzigo, akapakiwa dhahabu kwa mashine na kuondoka. Hati ilikuwa nakala ya hati ya shehena ya samaki iliyokwisha kuchukuliwa siku iliyotangulia. Hakuna aliyetoa bastola. Ni karatasi moja tu iliyochapishwa mara ya pili.

Waliobeba kwa baruti

Kwetu, watu wameona namna zote. Watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliikuta dhahabu katika mto Agola huko Kilo mwaka 1903, na kwa miongo mingi aliyekutwa na punje mfukoni bila kibali cha kampuni aliitwa mwizi katika ardhi ya babu zake. Ni mwaka 1982 tu, wakati wa Mobutu, ndipo uchimbaji wa mtu binafsi uliporuhusiwa na sheria.

Kisha vita. Agosti 1998 jeshi la Uganda liliingia, likashika Durba, upande wa Haut-Uélé ya leo. Katika mgodi wa Gorumbwa, nguzo za mwamba zinazozuia paa zilikuwa zimeachwa na wataalamu wa zamani ingawa zilikuwa na dhahabu. Zililipuliwa kwa baruti. Mwaka 1999 mgodi uliporomoka ukajaa maji, na watu wapatao 100 wakafia ndani. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba askari wa Uganda waliondoa tani moja hivi ya dhahabu, yenye thamani ya dola milioni 9 na zaidi kwa bei ya wakati ule. Huko Mongbwalu, wakati kundi la FNI lilipoushika mji, mchimbaji alitozwa dola moja kuingia shimoni, na raia walichimba kwa nguvu katika kazi ya lazima iliyoitwa salongo. Shirika hilohilo lilihesabu raia wasiopungua 2,000 waliouawa katika eneo la Mongbwalu kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Hao si takwimu kwetu. Ni majirani wa baba zetu.

Hesabu iliyowafichua

Je, wajua kwamba wapelelezi waliothibitisha uporaji huu hawakukamata gramu hata moja? Jopo la Umoja wa Mataifa lilichapisha taarifa yake Aprili 2001. Ndani yake mna jedwali ambalo mtoto wa shule anaweza kulisoma: kwenye safu moja dhahabu iliyochimbwa Uganda, kwenye safu nyingine dhahabu iliyouzwa nje na Uganda. Mwaka 2000 nchi hiyo ilichimba kilo zisizofika 5. Mwaka huohuo ikauza nje tani zaidi ya 10. Takwimu zote mbili zilitoka Uganda yenyewe. Uganda iliunda tume yake chini ya Jaji David Porter, na tume hiyo, pamoja na mapungufu yake, ilipekua kumbukumbu za safari za ndege kutoka uwanja wa kijeshi wa Entebbe, nani alipanda na mzigo gani ulishushwa.

Tangu 2004 kuna Kundi la Wataalamu kuhusu Congo, watu wachache wanaotumwa na Baraza la Usalama. Hawana silaha wala pingu. Wanakusanya risiti za kutuma fedha, orodha za abiria, namba za simu, daftari za wanunuzi, na wanamuuliza mtu wa pili na wa tatu kabla ya kuandika jina. Mwanzoni mwa 2014 waliandika kwamba asilimia 98 ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Congo ilitoka nchini kwa magendo mwaka 2013. Walikadiria uchimbaji kuwa kati ya tani 8 na 10. Iliyopita kwa hati haikufika kilo 200.

Kipimo chao kingine kiko Dubai. Mtu anayebeba dhahabu kwenye mkoba wa mkononi anaweza asiitangaze anapoondoka, lakini anapofika huitangaza, kwa sababu anataka kuuza. Basi nchi inayopokea huandika kile ambacho nchi inayotoa haikuandika. Mwaka 2019 waandishi wa Reuters waliziweka takwimu hizo upande kwa upande wakakuta kwamba Falme za Kiarabu ziliingiza tani 446 za dhahabu kutoka nchi 46 za Afrika mwaka 2016, zenye thamani ya dola bilioni 15.1, na nyingi ya nchi hizo hazikuwa na rekodi ya kuiuza. Shirika la SWISSAID lilirudia hesabu kwa mwaka 2022 na kupata tani 435 zilizotoka barani bila kutangazwa.

Jambo moja huwashangaza hata wachumi. Katika Ariwara na Butembo wapo wafanyabiashara walionunua dhahabu kwa bei iliyo juu ya ile ya soko la dunia. Wanaonekana wanapata hasara, lakini sivyo. Dhahabu kwao ni njia ya kupeleka fedha Dubai bila benki. Wakifika huko wanaigeuza kuwa vitambaa, vipuri na pikipiki, na faida yao iko kwenye kontena linalorudi. Kwa hiyo anayewinda magendo kwa kutazama bei ya dhahabu peke yake atapotea. Inabidi atazame na nguo zinazouzwa sokoni.

Alama za vidole za chuma

Polisi wa Afrika Kusini, kwa kuchoshwa na wizi migodini, walianza kukusanya sampuli za dhahabu ya kila mgodi. Leza huunguza chembe isiyoonekana kwa jicho, na mashine huhesabu vitu vilivyojificha ndani: fedha, shaba, risasi na vingine kwa viwango vidogo sana. Kila mwamba una mchanganyiko wake. Kwa hiyo punje ya Kilo, ikipimwa kabla ya kuguswa, inaweza kutofautishwa na punje ya Witwatersrand.

Kikwazo ni tanuri. Dhahabu ikisafishwa hadi asilimia 99.9 vitu hivyo huondoka, na ikichanganywa na ya nchi nyingine alama inakufa. Wezi walilijua hilo zamani. Genge lililoiba tani tatu za dhahabu katika ghala la Brink's-Mat karibu na uwanja wa Heathrow, Novemba 1983, liliyeyusha vipande pamoja na sarafu za shaba ili vionekane chakavu, kisha dhahabu ikauzwa sokoni upya. Waliofuatilia wakarudi kwenye silaha ileile: fedha taslimu zilizotolewa katika benki ya mtaani zilikuwa nyingi mno kiasi cha kuwatia watu wasiwasi.

Dhahabu ya Ituri ilipita njia hiyohiyo ya tanuri. Baada ya taarifa ya Human Rights Watch ya Juni 2005, kampuni ya Uswisi ya Metalor iliacha kununua kutoka Uganda. Machi 2007 Umoja wa Mataifa uliziwekea vikwazo kampuni mbili za Kampala, Machanga na Uganda Commercial Impex. Mwaka 2013 mwendesha mashtaka wa Uswisi alianza kuchunguza karibu tani 3 za dhahabu zilizodaiwa kutoka mikononi mwa FNI na kusafishwa na kampuni ya Argor-Heraeus. Mwaka 2015 faili lilifungwa: hapakuwa na ushahidi kwamba kampuni ilijua dhahabu ilikotoka. Kujua ndiko kulikotakiwa kuthibitishwa, na hilo haliandikwi kwenye risiti. Mimi nauona uamuzi huo kuwa mwanya uliobaki wazi mpaka leo kwa kila anayependa kununua bila kuuliza.

Dhahabu ghafi nayo haijaacha kusafiri kwa ujanja wa zamani. Januari 2025, huko Kivu Kusini, gavana Jean-Jacques Purusi alitangaza kukamatwa kwa Wachina watatu waliokuwa na vipande 12 vya dhahabu na dola 800,000 chini ya viti vya gari.

Jenerali na ndege ya Goma

Februari 2011 ndege ya kukodi kutoka Marekani ilizuiwa Goma, ikihusishwa na biashara ya zaidi ya kilo 400 za dhahabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliifuatilia biashara hiyo kuanzia mikutano ya mwanzo, ikapita kwa madalali wa Nairobi, na wakaandika kwamba nyuma yake alikuwa Jenerali Bosco Ntaganda. Jina hilo Mongbwalu inalijua. Ni yeye aliyeongoza wapiganaji wa UPC walioingia mjini Novemba 2002. Machi 2013 alijisalimisha kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na tarehe 8 Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 18, uporaji wa Mongbwalu ukiwamo. Alihukumiwa miaka 30.

Bei ya kilichoporwa

Je, wajua kwamba kuna mahakama iliyokaa ikajaribu kukadiria thamani ya kilichoibwa kwetu? Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria nchini Congo. Kwa Ituri ilisema jambo zito zaidi: kwa kuwa Uganda ndiyo iliyolikalia eneo hili kijeshi, inawajibika hata kwa uporaji uliofanywa na wengine, kwa sababu haikuuzuia. Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Majaji waliwateua wataalamu wao wanne, mmoja wao, Michael Nest, akipewa kazi ya maliasili peke yake. Tarehe 9 Februari 2022 hukumu ilitoka: dola milioni 325 kwa jumla, milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65. Uganda ilianza kulipa Septemba mwaka huo.

Fedha hizo zilikabidhiwa mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani, ili ziwafikie waathirika. Tarehe 2 Septemba 2025 Korti ya Kasasheni mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kuelekeza kwingine dola zipatazo milioni 19 zilizotoka katika fedha hizo, kwa mkataba wa kujenga gereza. Mwenyewe alikana kosa. Kesi ilijengwa juu ya mkataba, akaunti ya benki na tarehe ya uhamisho wa fedha.

Wenye haki ya fedha hizo wanaishi pia Mongbwalu, Nizi, Kilo na Iga Barrière. Kama familia yako ilipoteza mtu, nyumba au mali katika miaka ile, andika majina na tarehe, tunza kila hati uliyo nayo, na uulize kwa sauti fungu la Ituri liko wapi.